Majiko Mawili Yanayomgombea Kibiriti

4 Februari

Kwa dada yangu mdogo, Sindano,

Mimi kaka yako nina miaka sabini na tisa. Nimemzika daktari aliyeniambia nitakufa nisipoacha tumbaku. Nimewazika mafundi wote tulioanza nao kazi ya uashi, nimezika matoroli sijui mangapi, na tajiri mmoja aliyesema ukuta wangu umepinda. Yeye hayupo, ukuta upo, na haujapinda. Meno ya kushoto yamekwenda, ya kulia yanafanya kazi ya pande zote mbili. Nakueleza haya ili ujue unaandikiwa na mtu mzima, maana nakufahamu, kabla hujafika katikati ya barua hii utakuwa umeshaanza kucheka.

Huku hatujambo. Kijana wetu mkubwa amepandishwa cheo kule ghalani, sasa ana kiti chake chenye magurudumu. Mjukuu ameota jino na amelijaribia kidoleni kwangu. Paa halivuji. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, na kalamu ni nyepesi mno kwa mkono uliozoea mwiko, ndiyo maana herufi zinakimbia. Simu sitaki. Kwenye simu unanikatiza, kwenye barua huwezi.

Mama watoto hayupo, amesafiri kidogo kupumzika. Ukisikia aliondoka kwa hasira, hayo ni maneno ya watu. Alianguka kidogo jikoni, mkono ukateguka kidogo, tukajibizana kidogo, akapanda basi. Hakuniambia anakwenda wapi na mimi si mtu wa kuulizauliza.

Sasa neno lenyewe. Nimevunja jiko. Lote, isipokuwa kuta zinazobeba paa, maana sijawa kichaa. Nataka lile dirisha dogo la kama tundu la njiwa liwe dirisha la kweli, la mabawa mawili. Dohani mpya ya kutoa moshi juu, si ile ya zamani iliyokuwa ikiurudisha. Kaunta ya zege kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake terazo niliyoichanganya mwenyewe kwa vipande vya chupa za kijani, isuguliwe mpaka ujione uso. Hakuna fundi kijana wa hapa anayeweza terazo. Wanabandika vigae tu, kama watoto wanaobandika picha daftarini.

Mama watoto akilisikia jiko hili atarudi mwenyewe. Ukipata habari zake, mpenyezee hilo la terazo.

Ni mimi kaka yako,
Ngazi

*

25 Februari

Kaka Ngazi,

Nakuamkia kwa heshima zote, wewe uliyewazika madaktari. Huku mimi ni mzima, mguu unanisumbua asubuhi tu. Kazi ya kushona inaendelea, nina sare za shule nzima kwenye cherehani. Binti yangu wa pili ameposwa na mpiga picha, mtu mwenye adabu, ila hafumbi mdomo akila.

Habari za mkeo ninazo, kwa sababu amekaa hapa mbele yangu anamenya viazi. Wifi yangu alishuka kwangu na begi moja na mkono umefungwa kitambaa, na hakuanguka kidogo, kaka. Alianguka kutoka juu ya kreti ya soda akiwa na sufuria ya maji ya moto, bahati maji yakaenda upande. Nawe ukasimama mlangoni ukamwambia, nani alikutuma kupanda kreti. Hayo ndiyo maneno uliyomwambia. Ameyarudia hapa mara nyingi, na kila mara anaiga sauti yako vizuri zaidi.

Sasa nisikilize. Nimemuuliza atarudi lini. Amesema atarudi siku jiko lile litakapokuwa jiko la mtu wa kimo chake, na amenikataza nisikueleze zaidi ya hapo. "Ana macho," kasema. "Kama mpaka aambiwe, basi nakaa hapa." Nimekula kiapo mbele yake. Kwa hiyo usiniulize.

Nami nimemwambia akae hata mwaka. Tangu mume wangu afariki nyumba hii ilikuwa na sauti ya cherehani tu. Sasa ina sauti ya Kibiriti, anayegombana na redio, na majirani wanadhani tuko kumi. Mama yetu hakukosea kumpa jina hilo alipoletwa nyumbani: mdogo, na akigusa tu, moto.

Kwa hiyo na mimi natengeneza jiko. Jana seremala alikuja akakata miguu ya meza yangu kubwa. Makabati ya chini tunayatoa, tunaweka droo za kuvuta, ili mtu asipige magoti kutafuta mfuniko. Rangi tumekubaliana manjano. Tutaona nani ana jiko la kumvuta mtu.

Wako dada,
Sindano

*

14 Machi

Sindano,

Natumaini mguu umepoa. Huku kijana wetu ameanguka na kile kiti cha magurudumu, hakuumia ila heshima. Jirani wangu wa ukuta mmoja, yule mkunga mstaafu, anakusalimu, kisha analalamika vumbi.

Kwa hiyo yuko kwako. Nilijua. Na haya ya kuapishana nyuma ya mgongo wangu sijayapenda, lakini nitayapita kama hayapo.

Umenichekesha na hiyo meza. Mtu mwenye akili zake anakata meza miguu? Meza imekosa nini? Meza ikikatwa miguu ni kilema, hata ukiipaka manjano. Mimi nimejenga majiko mji huu mzima, na kaunta zangu zote zina kipimo kimoja: mkanda wangu wa suruali. Nasimama, naweka pima maji kwenye mkanda, napiga mstari. Sijawahi kutumia kipimo kingine na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kurudi na malalamiko. Waume zao walinilipa wakicheka.

Lakini kuhusu kuanguka nimelifikiria, usiseme mimi sifikirii. Kosa ni la kreti. Kreti ni plastiki, inateleza, haina msingi. Kwa hiyo nimemjengea kidato cha zege, kimeshikamana na sakafu, kinatembea chini ya kaunta yote, kina nondo ndani na terazo juu kama kaunta yenyewe. Lori linaweza kupanda. Akisimama hapo hatetereki mpaka mwisho wa dunia. Ni kitu ambacho sijakiona katika jiko lolote, hata la matajiri.

Kaunta imeshamwagwa, terazo naisugua. Kijani chake, Sindano, ungelia. Rafu za juu nimezipanga vizuri ajabu, nanyoosha mkono nachukua chumvi bila kusimama wima.

Mwambie aje akapande.

Kaka yako

*

6 Aprili

Kaka,

Salaam kwa mkunga, mwambie vumbi lako ni la ukoo. Binti na mpiga picha wake wamepanga harusi baada ya mavuno ya watu wao. Sare zimekwisha, mkuu wa shule amelipa kwa wakati, jambo ambalo limenitisha kidogo.

Barua yako ya kidato niliisoma kwa sauti wakati wifi anakunywa chai. Nilipofika pale pa lori, chai ilitoka puani. Alipopata pumzi alisema niandike hivi, na nimeandika kama alivyosema: "Mwambie mimi si sanamu ya kuwekwa juu ya jukwaa. Na nikimwaga maji ya viazi, sinki liko kidatoni au chini? Nikienda kwenye moto nashuka? Nikirudi napanda? Kwa siku nzima?" Kisha akaomba chai nyingine.

Kaka, kidato kizuri, sikatai. Ila jaribu mwenyewe kupika juu ya kitu usichoweza kukisogeza.

Huku kwetu droo zimeingia, zinateleza kama samaki. Seremala kaweka ndoano chini ya rafu kwa ajili ya miko na vijiko, na kila kitu kinachotumika kila siku kinafikiwa na mkono usioinuka juu ya bega. Rafu za juu kabisa tumeziacha kwa vitu vya wageni na vya ugomvi. Dirishani pana bao la kuwekea kikombe. Asubuhi tunakaa hapo wawili, yeye anakata, mimi napiga pindo, tunawasema wapita njia. Sijawahi kuwa na jiko la namna hii, na sijawahi kuwa na mtu ndani yake kwa muda mrefu hivi. Sitakuficha, sina haraka naye.

Alitaka niongeze swali moja. Umesema hakuna mteja aliyelalamika. Anauliza, mteja yupi uliyewahi kumuuliza?

Sindano

*

30 Aprili

Sindano,

Wazima huku. Mjukuu sasa ana meno mawili na tabia ya kumng'ata anayemsifu. Hongera ya harusi. Mwambieni huyo mpiga picha afumbe mdomo.

Mke wangu ameuliza swali, na mimi sikimbii swali. Niliweka mwiko chini, nikavaa kofia nzuri, nikaenda kuzunguka nyumba nilizojenga, kukusanya ushahidi wa kumletea. Sikiliza nilichokiona.

Kwanza kwa mke wa dereva wa lori. Jiko langu limesimama kama jana, hakuna ufa. Yeye alikuwa anakata mboga amesimama juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Nikamwambia hiyo ndoo itakuangusha. Akasema ameizoea, hii ni ya tatu.

Nikaenda kwa fundi saa. Mkewe ana matofali mawili aliyoyafunga gunia ili asiumie nyayo. Nikatambua matofali, ni yangu, yalibaki wakati wa ujenzi.

Nikaenda kwa yule mjane wa wakili. Huyo anasimama juu ya kitabu cha sheria cha marehemu, kinene namna hii. Anasema ndiyo mara ya kwanza kitabu kile kumsaidia mtu.

Nyumba ya muuza maua, mama hasimami kabisa. Anapikia sakafuni, na kaunta yangu ameijaza vyungu vya maua. Maua yamekubali sana, nakiri, yanapata jua zuri.

Mmoja tu ndiye aliyekuwa bila kitu cha kusimamia. Mpangaji wa chumba cha nyuma cha nyumba hiyohiyo, polisi, mrefu kunishinda. Alinishika mkono na kusema hajapata kuona jiko zuri kama lile. Huyo nimempa uzito mkubwa, maana ni mtu wa serikali.

Kwa hiyo inaonekana wanawake wa mji huu wana mazoea ya kupenda kusimama juu ya vitu. Sijui yametoka wapi.

Niliporudi, mkunga alikuwa kibarazani, nikamweleza. Jiko lake ni langu pia. Akaniambia, "Ulipokuja kujenga ulimuuliza mume wangu rangi ya mlango. Mimi hukuniuliza hata maji nakunywa wapi." Nikamwambia chai yake ni nzuri. Akaingia ndani, nikasikia anaburuta kitu cha kusimamia.

Sina zaidi. Mvua inanyesha huku, terazo haikauki.

Ngazi

*

28 Juni

Kaka yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Nilikuandikia mwezi wa tano, hukujibu. Nikaandika tena mapema mwezi huu, kimya. Simu yako unaijua ulivyoiweka, inalia kabatini. Kijana wako ameniambia mlango wa nyumba umefungwa kwa ndani, kuna kelele za nyundo, na chakula unapelekewa mlangoni. Umri wako si wa kufanya hivyo, kaka. Kama umekasirika sema, kama unaumwa sema mara mbili.

Huku sote ni wazima. Jiko langu limekamilika. Majirani wanakuja kulitazama kama wanaotazama mtoto mchanga, na wawili wameshamchukua seremala wangu.

Nitakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilikuwa naomba jiko lako liharibike. Kila barua yako ilipofika nilifurahi ulivyokosea, kwa sababu kila ulipokosea, wifi alibaki. Nilijenga jiko lote hili ili abaki, hiyo droo na hiyo manjano na yote. Na anafurahi hapa, si kwamba hafurahi. Lakini tangu barua zako zilipokatika, kila alasiri anatoka mpaka barabarani kumwangalia mtu wa posta. Akirudi anasema alikwenda kuangalia kama bili ya umeme imekuja. Kaka, bili ya umeme mimi huwa naifuata mwenyewe ofisini, na yeye anajua.

Basi navunja kiapo. Kiwiko, kaka. Kaunta ya jikoni hupimwa kwa kiwiko cha anayepika, na inakaa chini ya kiwiko kwa upana wa kiganja. Si kwa mkanda wa aliyejenga. Nimekukatia utepe mwekundu, nimeuweka humu ndani. Ni urefu kutoka sakafuni mpaka mahali kaunta inapotakiwa kumfikia. Nilimpima kwa kisingizio cha kumshonea gauni.

Asijue kwamba nimekwambia.

Sindano

*

20 Julai

Sindano,

Niko mzima. Barua zako tatu nimezipata siku moja, juzi, nilipokwenda posta mwenyewe baada ya muda mrefu wa kutokutoka nje. Karani alizitoa zote kwenye kisanduku changu, zimebanana kama dagaa, akanitazama akaniuliza kama nyumba imeniangukia. Nilikuwa na simenti kwenye nyusi.

Utepe wako nimeuona. Nakwambia ukweli, na ushike ukweli huu kwa mikono miwili: umechelewa. Kaunta ilishavunjwa. Ilishavunjwa, kidato kilishavunjwa, na kaunta nyingine ilishamwagwa, ikakauka, ikasuguliwa, kabla sijaigusa barua yako.

Ilikuwa hivi. Baada ya kuzunguka zile nyumba nilikaa siku nyingi sifanyi kitu. Kisha nikasema nipake rangi mlango wa jikoni, maana nilikuwa nimeung'oa na kuuegemeza ukutani kwenye korido. Nikaanza kuukwangua rangi ya zamani. Mahali pamoja hapakuwa na rangi ya kukwangua. Mbao tupu, laini, imeng'aa kama mpini wa nyundo ya zamani. Nikajiuliza hapa pamelika na nini. Kitasa kiko juu zaidi. Nikasimama pale, nikajifanya nimebeba sufuria kwa mikono miwili, nikausukuma mlango kwa kiwiko. Kiwiko changu kilikwenda juu kabisa, kwenye rangi nzima. Ile sehemu iliyolika ilinifika kwenye mfuko wa suruali.

Ni yeye. Anasukuma mlango kwa kiwiko mikono ikiwa imejaa, tangu tulipouweka mlango ule.

Nikakaa chini kidogo, kwa sababu mlango ni mzito. Halafu nikaenda kuchukua nyundo kubwa na tindo.

Zege langu halivunjiki kirahisi, na hilo nataka lijulikane. Nondo nilizoweka mwenyewe zilinitukana wiki nzima. Fundi bomba alikuja kushusha bomba la maji machafu, akashusha kidogo, nikamwambia bado, akashusha tena, sasa hatusemezani. Kipimo nilichukua mlangoni, pale palipolika, nikashuka kiganja kimoja, ili kisu na mboga vipate nafasi chini ya kiwiko. Kiganja chake, si changu. Nilikipata kwenye glavu zake za kufulia.

Na utepe wako nimeupima. Umezidi kaunta yangu kwa upana wa kidole. Sijui ulishika vipi. Mimi kaunta sishushi wala sipandishi, iko sawa.

Mwambie aje aone. Ukimwambia uliniambia, utaharibu. Usipomwambia, ni shauri yako.

Kaka

*

7 Agosti

Kaka,

Nilimwambia. Siwezi kukata karoti meza moja na mtu nikiwa na jambo hilo tumboni. Alimaliza karoti zote, hata za kesho, akaweka kisu.

"Basi sitajua kamwe kama aliona mwenyewe," akasema.

Nikampa barua yako ya mlango. Akaisoma amesimama. Akasema hujawahi kukosa maelezo tangu akujue, hata siku uliyojenga choo bila mlango ulikuwa na maelezo. Lakini aliikunja vizuri, akaiweka kwenye begi, na begi likaanza kujaa. Hajasema anarudi kwako. Amesema anakwenda kukagua, na kwamba nauli ya kurudi kwangu ameitenga pembeni.

Kesho anapanda basi la asubuhi; barua hii naituma kwa dereva wa basi la leo, ikutangulie. Mimi nimebaki na meza iliyokatwa miguu, kaka, na mimi si mfupi. Jana nilikata vitunguu viwili mgongo ukalia. Nilikuwa sijaliona hilo alipokuwa anakata yeye.

Usijisifu akifika. Japo saa moja, usijisifu.

Sindano

*

29 Agosti

Dada yangu Sindano,

Natumaini mgongo umepata nafuu. Huku wote wazima, na safari hii nasema wote kwa maana yake.

Alifika mchana. Nilinyamaza kama ulivyosema, nikajisifu kidogo tu kuhusu dohani. Aliliacha begi kwenye korido, hata mkanda wa begi hakuufungua, akaingia jikoni. Akatazama dirisha. Akafungua mabawa yote mawili, akayafunga. Akatazama terazo, akajiona uso, akajitengeneza kilemba. Kisha akasimama mbele ya kaunta, akaweka viganja vyake juu, akakunja mikono kama mtu anayekata kitu ambacho hakipo. Akabaki hivyo muda, amenipa mgongo.

Halafu akasema nimpe utepe. Sikutaka kuutoa, akanyoosha mkono tu. Akaushusha kutoka juu ya kaunta, ukagusa sakafu, ukabaki kipande kimelala chini, upana wa kidole, kama nilivyokuambia. Akauliza kwa nini haulingani. Nikasema wa dada yangu umekosewa. Nilidhani atanirukia. Badala yake akavua viatu, akasimama peku mbele ya kaunta, akakunja mikono tena.

"Aliponipima nilikuwa na ndala," akasema. "Kwake sakafu ni baridi."

Na jikoni kwake, Sindano, mke wangu hajawahi kuvaa kitu miguuni. Mlango ulijua. Utepe wako haukujua. Kama ningefuata utepe, kaunta ingelingana na utepe, hata mtoto anaelewa hilo.

Ungedhani hapo yamekwisha. Hayakwisha, huyo ni Kibiriti. Akavaa viatu vyake akatoka kwenda kuuliza watu, begi bado liko kwenye korido, mimi nimesimama nalo kama mpagazi.

Aliporudi tukazungumza juu yako. Amesema meza uliyomkatia miguu haitakaa bure. Kila nitakapojisifu kupita kiasi atapanda basi aje kwako, kwa hiyo mtegemee kabla mwaka haujaisha. Nami nasema, mwambie seremala wako asiguse meza hiyo tena. Nitakuja mwenyewe na Kibiriti, nikujengee kaunta nyingine upande wa pili wa dirisha, ya kiwiko chako, muwe mnakata mnatazamana. Mwombe mtu yeyote akupime. Bila ndala.

Mke wa dereva wa lori amesikia, ameniita kesho na nyundo. Na mjane wa wakili anataka kitabu chake kirudi kabatini.

Wala usiseme haya nimeyatunga. Muulize fundi bomba, alishusha bomba lile kabla barua yako haijatoka posta, na kwa kuwa ananichukia hawezi kunipendelea. Muulize karani wa posta, anaikumbuka simenti kwenye nyusi. Muulize mkunga, aliyenitumia malalamiko matatu ya vumbi na anajua vumbi lilianza lini. Na muulize Kibiriti, maana yeye ndiye aliyewaendea wote watatu, mmoja baada ya mwingine, akawahoji milangoni kwao. Kisha akarudi, akavua viatu, akanawa mikono kwenye sinki jipya, akauliza nimeweka wapi kisu.

Kaka yako,
Ngazi